Sili Tatu za Gari la Unga

Nimehesabu mara mbili na jibu halibadiliki: kuvuja kwa lile gari kulitugharimu sili tatu za gia boksi, bushi moja isiyokuwa na kosa lolote, oili ambayo hata Mama alichoka kuipima, kitenge kipya cha mteja wa watu, na Anko Side. Sili, bushi na oili zililipiwa kwa shilingi. Kitenge tulilipia kwa kitenge. Anko Side mpaka leo sijampatia bei, na mimi ni mtu ambaye kitu kikikosa bei usingizi wangu unakuwa wa mang'amung'amu.

Yote yamenirudia wiki hii kwa sababu ya harufu. Oili ya gia, ile nzito wanayoiita tisini, hainuki kama oili ya injini. Ya injini inanuka kazi. Hii inanuka yai lililosahaulika kabatini likakutana na kitunguu kilichosahaulika pembeni yake, na ikishika nguo, sabuni yote ya mtaa haiitoi. Juzi niliinama kuokota funguo zilizonidondoka karibu na gari langu, pua ikainasa harufu hiyo, na palepale nikawa mtoto wa darasa la tatu, nimechuchumaa mtaani Mchafukoge mbele ya duka la Bwana Jayanti, nakagua boksi la karatasi.

Nianzie nyuma kidogo. Mama alikuwa anauza unga wa muhogo. Baba alikuwa kwao Newala, ananunua makopa, ile mihogo iliyokaushwa, na kuyapakia kwenye malori. Mama anayapokea Kariakoo, yanasagwa, na unga unagawiwa kwa wenye maduka ya Magomeni, Manzese na Tandale. Mgawaji alikuwa Anko Side na kipanya chetu, kibasi kizee kilichong'olewa viti vyote isipokuwa vya mbele. Sakafu yake ilikuwa imeliwa na kutu mpaka katikati pakawa na tundu, ambalo Mama alilifunika kwa kipande cha bati na kuliita limepona. Anko Side hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa mtu wa kwetu kusini, na kwa Mama, mtu wa kwetu alikuwa na haki ya kula kwetu kila jioni. Mnofu wa samaki ulio karibu na kichwa ulikuwa wake, na mimi niliyeutolea macho mnofu huo niliambiwa ningoje nianze kuendesha gari.

Sasa, gari utalipata. Pa kuliegesha karibu na Kariakoo ndipo penye kazi. Sisi tulikuwa na mahali petu, mbele ya duka la vitenge la Bwana Jayanti, hatua chache kutoka stoo ya Mama. Hakututoza chochote. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alitaka jambo moja tu: ngazi zake zibaki safi. Mama alikuwa akisema mahali pale pana thamani kuliko gari lenyewe. Ukipapoteza, magunia yanatoka stoo kwa mkokoteni mpaka kusikojulikana, hamali anataka chake, mwenye mkokoteni anataka chake, na unga wa muhogo hauna faida ya kugawana na watu wote hao.

Halafu gari likaanza kudondosha.

"Mama Zuhura," alisema Bwana Jayanti asubuhi ya kwanza, "gari lako limejisaidia mlangoni kwangu."

"Ni tone tu, Bwana Jayanti."

Siku zilizofuata akasema, "Uliniambia tone. Sasa naona mtoto wa tone, mjukuu wa tone, ukoo mzima umehamia hapa."

Hakutufukuza. Alitupa maboksi matupu ya vitenge tuyatandike chini ya gari, na mimi nikapewa kazi ya kuyakagua kila asubuhi kabla ya shule. Niliipenda kazi ile. Nilikuwa nalivuta boksi, nalipeleka kwa Mama kama anayepeleka majibu ya hospitali, na Mama anaangalia doa limekua kiasi gani. Doa lilikuwa palepale kila siku: upande wa nyuma, chini ya mkia wa gia boksi.

Fundi wetu alikuwa Kombo wa mtaa wa Gerezani, kijana aliyekuwa anajibu kabla hujamaliza kuuliza. Aliliona boksi, hata hakuinama.

"Sili ya nyuma hiyo."

"Una hakika?" Mama alimuuliza.

"Mama Zuhura, boksi linasema lenyewe. Tone linaanguka nyuma, sili ya nyuma imekwisha. Hapa hakuna siri."

Tukaenda kununua sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke. Mwenye duka la spea aliileta imefungwa kwenye karatasi, akaishika kwa vidole viwili kama kito.

"Hii orijino, mama. Inatoka Japani."

"Na mimi natoka Newala, mbona hunipandishi bei?"

"Ninayo ya bei ya chini, ila hiyo haina gerenti."

"Hata hiyo ya Japani gerenti yake inaishia mlangoni kwako. Punguza."

Alipunguza. Mama akatoka dukani, akarudi, akapunguziwa tena. Nilijifunza pale kwamba bei ya kwanza ni salamu tu, na watu wanaonifahamu leo wanajua somo lile liliingia vizuri mno.

Sili ikafungwa, oili ikajazwa. Asubuhi iliyofuata boksi lina doa. Kombo akasema basi ni bushi, ile pete ya chuma iliyo karibu na sili, imelegea, inaiumiza sili. Bushi ikanunuliwa, na sili ya pili ikanunuliwa kwa sababu ile ya kwanza, alisema, imeshachanika wakati wa kufungua. Boksi likaendelea kuwa na doa. Mama alianza kuongea na gari. Alikuwa analipita akielekea stoo na kuliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa linataka nini, kama lina deni atalilipa, kama lina mume mwingine liseme.

Nilikuwa na kazi nyingine ambayo sijaitaja. Kila asubuhi kabla Anko Side hajaondoka, na kila jioni akirudi, nilipanda kiti cha dereva na kumsomea Mama namba za kilomita kwenye dashibodi. Mama hakuziandika popote. Alizishika kichwani, akatoa za asubuhi kwenye za jioni, akajua gari limetembea wapi. Mzunguko wa Magomeni, Manzese na Tandale ulikuwa kilomita ishirini na sita, na kila jioni zilikuwa ishirini na sita. Hazikuzidi hata moja.

"Mtu mnyoofu huyu," Mama alikuwa akisema akimwekea Anko Side ugali. "Wenzake wakipewa gari la mtu wanalizungusha mji mzima kutafuta vichwa vya kubeba, abiria wa njiani. Huyu ukimtuma dukani anakwenda dukani."

Anko Side anatabasamu, anamega tonge. Mimi nikamwona kama bingwa wa barabara, mtu anayeendesha gari kwa kipimo kama fundi cherehani anavyokata kitambaa.

Kisha ikanyesha mvua kubwa, Jangwani pakajaa maji, njia ya Magomeni ikafungwa. Anko Side alirudi jioni amechoka, suruali imelowa mpaka magotini, akatusimulia alivyozunguka: kapita Buguruni, akaibukia Ubungo, ndipo akarudi nyuma kuingia Manzese, na kurudi Kariakoo hivyohivyo, foleni mwanzo mwisho. Nikapanda kwenye kiti nikasoma. Ishirini na sita. Mama siku hiyo alikuwa ametoka kugombana na Kombo kuhusu bushi, akaniambia tu, "Sawa, shuka." Lakini mimi nililala na jambo lile. Nilifikiri kwa akili zangu zote, nikafikia uamuzi kwamba Anko Side anajua njia za mkato ambazo ukizipita, hata safari ndefu inakuwa fupi, na siku moja nitamwomba anipeleke shule kwa njia hizo ili niwe nachelewa kuamka.

Mvua ilipokatika likatokea la kitenge. Mteja wa Bwana Jayanti alitoka dukani na kitenge kipya mkononi, upepo ukapeperusha ncha yake, ncha ikaenda kujipangusa kwenye boksi letu. Mama alilipa kitenge kingine bila kubishana, jambo lililonitisha kuliko kelele ambazo angepiga. Bwana Jayanti alingoja mteja aondoke.

"Mama Zuhura, mimi na wewe hatujawahi kukosana. Lakini mwezi wa Ramadhani unakuja, watu watajaa hapa kununua nguo za Idi. Mfungo ukianza na hili gari bado linavuja, tafuta mahali pengine."

"Nitafute wapi, Bwana Jayanti?"

"Hilo sijui. Najua tu kwamba si hapa."

Usiku ule Mama hakula. Na hapo ndipo Anko Side alipofanya jambo lililonifanya nimpende kabisa: kesho yake alikuja na sili ya tatu mfukoni, ameinunua kwa fedha yake mwenyewe. "Dada, usihangaike," alimwambia Mama, "hii nimetoa mimi." Mama aliipokea kwa mikono miwili. Jioni akanigeukia mezani, akaniambia nitazame vizuri jinsi mtu anavyokuwa mtu. Anko Side aliinamia sahani. Nilidhani ni aibu ya kusifiwa.

Kombo akaifunga ile sili. Safari hii, kwa hasira, aliosha gia boksi yote kwa mafuta ya taa mpaka ikawa safi kama sufuria ya sikukuu, akaikausha kwa tambara, akasema kama bado itavuja basi atafute kazi ya kuuza karanga.

Siku iliyofuata Anko Side akaondoka na mzigo. Alirudi alasiri uso umekunjamana. Gunia moja lilikuwa limefumuka mshono karibu na Manzese, lile bati la kwenye tundu limesogea, na unga umemwagikia chini. Kombo alikuwepo, amekuja kudai kilichobaki cha ufundi wake. Bwana Jayanti alikuwa mlangoni kwake, mikono nyuma.

"Umemwagika kiasi gani?" Mama aliuliza.

"Kidogo tu, dada."

"Kidogo ni kilo ngapi?"

"Kidogo tu. Mwingine umebaki huko juu ya gia boksi."

Mama hakuwa mtu wa kukubali neno kidogo. Alijifunga kanga kichwani, nyingine kiunoni, akalivuta boksi la Bwana Jayanti, akalala chali juu yake na kujisukuma chini ya gari kwenda kuhesabu hasara yake. Tukabaki tunaitazama miguu yake na kandambili moja.

"Mama Zuhura, toka huko utachafuka," alisema Kombo. "Hiyo kazi yetu."

"Nimeshachafuka. Kombo, hebu njoo uone huu uji."

Kombo akaingia upande wa pili. Nami nikalala kifudifudi ukingoni, nikaona. Unga ulikuwa umeifunika gia boksi kama lipu. Kule nyuma kwenye mkia, kuizunguka sili mpya, ulikuwa mkavu mweupe, kama poda shingoni kwa mtoto mchanga. Lakini juu zaidi, ubavuni, pale inapoingia kebo ya spidi, unga ulikuwa umekorogeka ukawa uji wa kijivu, na kutoka pale mchirizi umeteremka tumboni mwa gia boksi mpaka nyuma, ukafika ukingoni, ukaning'inia. Barabara ile ina mteremko, na siku zote tuliegesha mkia ukiwa chini. Oili ilikuwa inatokea kwenye kebo, inasafiri, inaenda kudondokea nyuma. Boksi halikusema uongo. Sisi ndio tulioliuliza swali ambalo halikuwa lake.

"Sili haina kosa," alisema Kombo taratibu.

"Hiyo ya tatu, au zote?"

Kombo alikuwa anagusa bolti ndogo inayoshikilia kikombe cha ile kebo. Bolti zote za gari lile zilikuwa zimevaa kutu. Ile moja ilikuwa inang'aa.

"Hii nani anaifungua?" Mama aliuliza.

"Mimi sijawahi kuigusa. Na ndani kipira hakipo, ile oringi ya kuzuia oili. Imechomolewa na kurudishwa mpaka kipira kikakatika, mtu akafunga hivyohivyo." Akaipangusa bolti kwa kidole. "Madereva wengine huwa..."

"Madereva wengine huwa wanafanya nini?"

"Ukiichomoa hapo, gari linatembea lakini kilomita hazisomi."

Mama alitoka chini ya gari bila haraka. Mgongo wote unga, shavu moja oili. Akamtazama Anko Side aliyekuwa amesimama na ufagio.

"Side, siku Jangwani ilipojaa maji ulipita wapi?"

"Si nilikwambia, dada. Buguruni, nikatokea Ubungo."

"Zuhura, siku ile ulisoma ngapi?"

Nilifurahi kuulizwa. Nilikuwa mtu pekee pale mwenye jibu, na nilidhani namsifia. "Ishirini na sita, kama kila siku. Anko Side anajua njia za mkato."

Bwana Jayanti aliingia dukani kwake na kuanza kukunja vitenge vilivyokuwa vimeshakunjwa.

"Nilikuwa nahamisha vitu vya watu, dada," Anko Side alisema. "Vitanda, makochi. Petroli nilikuwa naweka mwenyewe."

"Na oili?"

Anko Side alianza kufagia unga.

"Na sili?"

"Ya tatu nilitoa mimi."

"Ulitoa. Nami nikakusifia mbele ya mtoto."

Mama hakupaza sauti, hakumfukuza. Alisema tu Kombo atafute kipira. Kombo alikuwa nacho kwenye kiberiti kitupu mfukoni, kipira cheusi kidogo kuliko pete, cha bei ya chini kuliko soda. Akakifunga pale pale kwa spana namba kumi, na hakudai tena kilichobaki cha ufundi wake.

Asubuhi nilivuta boksi. Kavu. Bwana Jayanti alilishika, akaligeuza huku na huku, akasema hili sasa anaweza hata kuliuza. Mahali petu pamebaki petu, alisema, mpaka Idi na baada ya Idi. Kisha akatoa funguo za gari mfukoni mwa shati, akampa Mama. "Ameziacha kwangu alfajiri. Anasema kukukabidhi mkononi hawezi."

Kwa muda mrefu niliamini Anko Side ameondoka kwa sababu ya unga uliomwagika, na nilimwona Mama kama mtu mchoyo kupindukia. Jioni niliukuta ule mnofu wa samaki kwenye sahani yangu, nikashindwa kuumaliza. Nimekuja kuelewa ishirini na sita zangu zilifanya nini nikiwa mtu mzima, nikiwa tayari nimeajiri watu wangu.

Madereva waliofuata hawakugusa kebo. Wa kwanza aliuza petroli kutoka tangini. Wa pili aligonga geti la mtu Tandale na kutoweka, tukalipa geti. Wa tatu alikuwa analala. Siku moja Mama alikuwa anachekecha unga, akasimama katikati ya kuchekecha, akasema kama anaongea na chekeche: "Ningemwachia tu Side zile kilomita zake, ningenunua oringi kila mwezi, bado ningekuwa mbele." Akarudia hesabu kimoyomoyo, midomo inacheza, akatikisa kichwa kukubali. Halafu akaendelea kuchekecha kwa nguvu mpaka unga ukamwagika pembeni, naye hakuuzoa.

Sasa nirudi kwangu. Nina gari la kugawa bidhaa, la zamani, la kebo, kwa sababu mimi silipii kipya kama kizee kinatembea. Dereva wangu anaitwa Beka, kijana mpole, ananiita Mama ingawa nimemkataza, na akinikuta barazani ananiamkia mara ya pili kama ya kwanza haikutosha. Wanangu wananiambia niweke kile kifaa cha kulifuatilia gari kwenye simu. Nimekataa, nikasema ni ghali. Si ghali sana, niliuliza bei mara mbili.

Juzi ile ile baada ya harufu, nilitandika boksi nikalala chali, na umri huu si wa kulala chali chini ya magari. Kwenye kebo pamelowa. Bolti inang'aa. Nilipotoka nilisoma namba kwenye dashibodi, nikatoa za asubuhi, zikaja sawasawa na mzunguko wake, bila kuzidi hata moja.

Oringi nimeshainunua, iko kwenye pochi yangu, na niliipigania bei ingawa haikuwa na bei ya kupigania. Nikiifunga mwenyewe kimyakimya, Beka akiikuta atajua nimejua, na sijui atakaa au ataniachia funguo kwa jirani. Nikimuuliza alipita wapi, jibu lake nalifahamu tayari, na ninafahamu kinachofuata. Nikiacha livuje, gia boksi itakufa, na hilo angalau naweza kulipigia hesabu.

Nyinyi wa rika langu ambao mmewahi kuajiri mtu mkampenda, hebu nishaurini. Niifunge nisiseme, au nimwite kwanza? Jumatatu alfajiri anakuja kuchukua funguo, na kwa mara ya kwanza maishani nimehesabu mara mbili nikapata majibu mawili.